Somo la pili: jioni ambapo wanafunzi wa Bukavu wanafundishana kwa Kiswahili

Kila jioni mjini Bukavu, kisha masomo ya chuo kikuu kumalizika, darasa lingine linafunguka. Halina profesa, halina orodha ya waliofika, na hakuna anayetoa pointi. Wanafunzi watano ao sita wanaingia ndani ya chumba cha kupanga, upande wa Karhale, Ndendere ao Nguba. Wawili wanakaa juu ya kitanda, wengine juu ya bidoni za maji zilizogeuzwa. Fotokopi moja ya silabusi inawekwa katikati. Umeme ukikatika, simu moja inawashwa taa na kuegemezwa kwenye chupa ya maji ili mwanga uenee. Kisha mmoja anauliza swali ambalo asubuhi hakuthubutu kuuliza mbele ya ukumbi uliojaa: hapa profesa alitaka kusema nini?

Jibu linatoka kwa Kiswahili. Pengine linachanganywa na Mashi, pengine na Kifaransa kidogo. Ni hapo ndipo wanafunzi wengi wanaelewa somo kwa mara ya kwanza.

Wazazi wengi wanajua gharama ya chuo kikuu kwa upande wa pesa za masomo, silabusi na chumba. Hili somo la pili halionekani kwenye karatasi yoyote. Hakuna ofisi inayolisimamia na hakuna bajeti yake. Hata hivyo, kwa mwanafunzi ambaye anakaa nyuma kabisa ukumbini na kusikia nusu ya maneno, linaweza kuwa tofauti kati ya kupita na kurudilia mwaka. Na kwa kuwa halisimamiwi na mtu, yule asiyelipata anaanguka kimya kimya, bila mtu kujua sababu.

Lugha ya darasa na lugha ya nyumbani

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema wazi: Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ndizo lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa ao za mahali zitumiwe kufundishia watoto wadogo, mwanzoni mwa shule. Kisha hapo Kifaransa kinashika nafasi yote, mpaka siku ya kutetea kazi ya kumaliza masomo.

Basi kijana anayeingia Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu ao ISP amesoma kwa Kifaransa miaka mingi. Lakini miaka ile ile amenunua, amesali, ameomba radhi na kugombana kwa Kiswahili. Anaweza kuandika ukurasa mzima wa Kifaransa bila kosa, na bado neno moja la uchumi ao la sheria likabaki kwake kama jiwe: analibeba, analiweka kwenye karatasi ya mtihani, hajui ndani yake mna nini.

Mfano mmoja ni neno ambalo wanafunzi wa uchumi wanakutana nalo mapema: élasticité. Kwenye silabusi ni sehemu ya hesabu: badiliko la kiasi kinachonunuliwa, kwa asilimia, ligawanywe kwa badiliko la bei, kwa asilimia. Mwanafunzi anaweza kuikariri kwa dakika tano. Ndani ya kikundi, maelezo yanaanzia sokoni Kadutu. Mama ana franka zake mkononi. Chumvi ikipanda bei, atanunua chumvi ile ile, sababu sombe bila chumvi hailiki. Kuku akipanda bei, mama atamwacha na kuchukua sambaza. Kwa chumvi, bei imepanda asilimia 10 na kiasi kimepungua asilimia 2 tu: 2 kwa 10 ni 0,2. Kwa kuku, bei imepanda asilimia 10 na kiasi kimepungua asilimia 25: 25 kwa 10 ni 2,5. Chini ya 1, mnunuzi hana pa kukimbilia. Juu ya 1, anakimbia. Kuanzia hapo hesabu si jiwe tena. Mwanafunzi anaweza kujibu peke yake kwa nini Serikali inapenda kutoza kodi juu ya vitu ambavyo watu hawawezi kuacha kununua, na ni nani hasa anayelipa kodi hiyo.

Upande wa sheria, mabishano makali zaidi yanahusu parseli. Karibu kila familia ya Bukavu ina hadithi ya parseli iliyouzwa mara mbili, mpaka uliosogezwa usiku ao karatasi iliyopotea. Mwanafunzi anafika akiamini kwamba udongo ni wa baba yake. Kikundi kinafungua sheria ya tarehe 20 Julai 1973 na kumwonyesha: udongo ni mali ya Serikali peke yake, na haiwezi kuuondoa mkononi mwake. Raia anapata haki ya kuutumia, inayoitwa konsesyo, na nyumba aliyojenga juu yake inaweza kuwa yake. Kinachothibitisha haki hiyo ni hati ya kuandikishwa, ile wanayoita certificat d'enregistrement. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa avenyu, hata kama ina mashahidi kumi, haichukui nafasi ya hati hiyo. Mwanafunzi aliyeelewa somo hilo hatafikiria mtihani tu. Atarudi nyumbani na kuuliza karatasi za familia ziko wapi, na zinasema nini.

Kwenda na kurudi

Kuna kosa moja ambalo vikundi vingi vinafanya: vinaishia kwenye Kiswahili. Watu wanacheka, wanaelewa, wanaagana. Siku ya mtihani swali linakuja kwa Kifaransa na jibu linatakiwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anayejua jambo lenyewe anakosa maneno ya kulisema, na anapata pointi sawa na yule asiyejua kitu.

Vikundi vyenye uzoefu vinafanya hatua tatu. Kwanza wanasoma aya ya silabusi kama ilivyo, kwa Kifaransa. Pili wanafunga silabusi, na kila mmoja anaeleza kwa Kiswahili, akitumia mfano wake mwenyewe, si ule wa mwenzake. Tatu wanafungua daftari, na kila mmoja anaandika jibu lake kwa Kifaransa, sentensi tano ao sita, kisha wanabadilishana madaftari na kusahihishana. Hatua ya tatu ndiyo inayochosha na ndiyo inayoachwa kwanza wakati watu wamechoka. Lakini bila hiyo, kazi ya hatua ya pili inabaki chumbani.

Mtu anaweza kudhani kwamba aliye dhaifu ndiye anayefaidi. Ukweli ni kwamba anayeeleza ndiye mara nyingi anayejifunza zaidi. Mtu anaweza kudhani ameelewa mpaka siku anapoulizwa swali moja la kawaida na mwenzake: kwa nini? Hapo anaona tundu ambalo hakulijua. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliliona jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alieleza swali moja kwa njia moja, kisha kwa njia nyingine, na wanafunzi wake bado walibaki wakimtazama. Kwa kukosa la kufanya, aliwaambia wazungumze wao kwa wao. Baada ya dakika chache waliokuwa na jibu sahihi walikuwa wamewaelewesha wengine. Maelezo yake yalikuwa mepesi: profesa ameelewa jambo hilo tangu zamani sana, amesahau ugumu wake ulikuwa wapi. Mwanafunzi aliyeelewa jana bado anakumbuka mahali alipojikwaa.

Harvard wana umeme, vitabu na kumbi ndogo za mazoezi, na bado profesa huyo alibadilisha namna yake ya kufundisha ili wanafunzi wazungumze wao kwa wao. Bukavu wanafunzi walianza kufanya hivyo kwa lazima, sababu kitabu ni kimoja na watu ni wengi.

Mega za kuchanga

Siku hizi sehemu ya somo la pili iko ndani ya simu. Kila promosyo, ndiyo kusema wanafunzi wote wa mwaka mmoja, ina kikundi chake cha WhatsApp. CP, mkuu wa promosyo, anatuma humo saa za masomo, picha za ubao na silabusi zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kisha kuna vikundi vidogo vya watu wanaoaminiana, ambamo kazi ya kweli inafanyika. Mmoja anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu akieleza zoezi la takwimu, mwingine anausikiliza akiwa anapika, mwingine akiwa anatembea kuelekea Place ya Uhuru.

Intaneti si bure. Wengi wananunua mega usiku, wakati bei inashuka, ao wanachanga: mmoja ananunua na kuwagawia wenzake kupitia simu yake. Video ikishapakuliwa mara moja inazunguka kutoka simu moja hadi nyingine bila intaneti, kwa programu za kutumiana mafaili. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa hesabu wa Bukavu anaweza kufuata somo la mwalimu wa Ufaransa, Marekani ao Moroko bila kulipa kitu. Lazima tu ajue cha kutafuta, na hilo pia anafundishwa na mwenzake. Wengi wanaingia chuo kikuu wakijua kutumia simu kwa picha na mazungumzo, lakini hawajui namna ya kutofautisha kitabu cha kweli na ukurasa wa mtu yeyote.

Vikundi hivyo hivyo ndivyo vinavyobeba uvumi. Tangazo la uongo juu ya tarehe ya mtihani linaweza kuzunguka promosyo nzima kabla ya chakula cha mchana. Jibu lenye makosa likitumwa na mtu mwenye jina zuri, watu hamsini wanaliandika kama lilivyo. Asistanti anayesahihisha anakuta kosa moja, lenye maneno yale yale, kwenye karatasi hamsini.

Karakana, kisanduku na shamba

Kujifunza nje ya darasa si kurudilia silabusi tu. Wanafunzi wengi wa Bukavu wanafanya kazi ili waweze kusoma. Wanauza yuniti, wanatengeneza simu, wanashona, wanafundisha watoto wa jirani, wanashika vitabu vya chama.

Tuchukue AVEC, vile vyama vya kuweka na kukopeshana ambavyo mama wengi wa Kivu wanavijua. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima. Pesa zinakaa ndani ya kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hesabu inafanywa mbele ya wote. Mwanafunzi wa uhasibu anayemsaidia mama yake kuandika daftari la AVEC anakutana na mambo ambayo darasani yana majina marefu: kugawanya madaraka ili mtu mmoja asiibe, kulinganisha pesa zilizoandikwa na pesa zilizopo, kugawa faida kulingana na hisa. Siku franka zinapopungua kwenye kisanduku na mama ishirini wanamtazama, anajifunza uhasibu kwa namna ambayo hakuna mtihani unaweza kumfundisha.

Mtafiti wa Marekani Jean Lave alikaa na washona nguo wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, akitaka kujua namna vijana wanavyojifunza kazi bila darasa. Aliona kwamba hawaanzi na kukata kitambaa. Wanaanza mwishoni: kufunga vifungo, kupiga pindo. Kosa la kifungo halina hasara kubwa, na kijana anayepiga pindo anaona kila siku nguo iliyokamilika inafananaje. Kukata kunakuja mwisho, sababu kosa la makasi halirudishwi. Fundi wa Kadutu ao wa Bagira anapanga vile vile kazi za kijana aliye naye, ijapo hajawahi kusikia jina la Lave. Mwanafunzi wa ufundi wa umeme aliyepita kwenye karakana anajua jambo lingine pia: kwa nini taa zinafifia saa moja ya jioni. Nyumba zote zinawasha kwa pamoja, waya ni mwembamba kwa mzigo huo, na nguvu ya umeme inaanguka njiani, kama maji kwenye bomba ambalo kila jirani amefungua robine. Hesabu ya hilo iko kwenye silabusi. Lakini aliyeshika kipimo mkononi na kuona sindano ikishuka hataisahau.

Upande wa Kabare na Walungu, mwanafunzi wa kilimo anayerudi nyumbani wakati wa likizo anakuta shule nyingine. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliofika mashariki mwa Congo mwanzoni mwa miaka ya 2000, umeharibu mashamba mengi. Darasani amejifunza jina la bakteria hiyo kwa Kilatini. Shambani mama yake anamwonyesha namna ndizi inavyoiva kabla ya wakati, na ukiikata ndani imegeuka rangi. Yeye anamweleza mama kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa linapeleka ugonjwa kwa mgomba mzima, kwa hiyo lazima lipitishwe kwenye moto. Kila mmoja ana nusu ya somo.

Goma, ngʼambo ya ziwa, hali ni moja. Mwanafunzi wa jeolojia anatembea kila siku juu ya lava ya Nyiragongo. Milipuko ya mwaka 1977, ya Januari 2002 na ya tarehe 22 Mei 2021 iko mbele ya macho yake, kwenye kuta za nyumba na kwenye barabara. Wazee wanaojua lava ilipitia wapi na ilisimama wapi ni maktaba ambayo haitafunguliwa daima.

Darasa linapofungwa

Uzito wa mambo hayo unaonekana zaidi siku ambayo lango la chuo kikuu limefungwa. Machi 2020, kwa sababu ya Covid-19, shule na vyuo vikuu vya inchi nzima vilifungwa kwa miezi. Mwaka 2025, Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Banki zilifungwa, familia zilihama, masomo yalikatika. Kabla ya hapo, na baada ya hapo, kuna migomo, siku za mji kusimama na mvua zinazobomoa barabara.

Katika nyakati kama hizo, mwanafunzi mwenye silabusi na wenzake wawili wa kartie moja ana kitu cha kuendelea nacho. Asiye nao anangoja. Na miezi ya kungoja ina hatari yake: Kifaransa kinatoka mdomoni, hesabu inasahaulika, kazi ndogo ya kutafuta chakula inageuka kazi ya kila siku, na siku lango linapofunguliwa wengine hawarudi.

Wakongomani wana neno la zamani juu ya hilo: article 15, jitafutie mwenyewe. Limesaidia watu wengi kuishi. Lakini limewasaidia pia wakubwa kusahau wajibu wao, sababu mtu anayejitafutia hana wa kumdai.

Nani anabaki nje

Somo la pili lina uzuri wake, lakini halina haki kwa wote. Vikundi vinaundwa na watu wanaojuana: waliosoma sekondari moja, wanaosali kanisa moja, wanaotoka kijiji kimoja. Kijana aliyefika peke yake kutoka Shabunda, Mwenga ao Fizi hajui mtu. Anakaa ukumbini miezi mitatu bila kualikwa popote. Pengine ana akili kuliko wote, lakini hakuna atakayejua hilo.

Kwa wasichana ugumu ni mwingine. Kikundi kinakutana jioni, wakati ambapo nyumbani dada anatakiwa kuchota maji, kupika na kuogesha watoto. Akimaliza, ni usiku, na njia ya kurudi haina taa wala usalama. Mzazi anayemkataza kutoka hana kosa. Lakini kaka yake anatoka, na matokeo ya mwisho wa mwaka yanaonyesha tofauti ambayo watu wanaiita akili.

Kuna pia biashara inayojificha ndani ya neno kusaidiana. Kazi za kumaliza masomo zinaandikwa na wengine kwa malipo, kwenye nyumba zile zile za fotokopi. Sasa zimekuja programu za akili bandia zinazotoa kurasa kumi za Kifaransa safi kwa dakika moja. Programu hizo zinaweza kuwa mwalimu mzuri: mwanafunzi anaweza kuziomba zimweleze jambo mara tatu bila kuona haya. Lakini anayeziomba ziandike badala yake anaruka hatua zote tatu kwa pamoja. Kikundi kina njia nyepesi ya kumgundua. Kinamwomba aeleze kwa Kiswahili kile alichokiandika.

Saa zinazohesabiwa bila taa

Tangu vyuo vikuu vya Congo viingie kwenye mfumo wa LMD, jambo hili si tena la wanafunzi peke yao. Katika mfumo huo, mwaka mmoja una krediti 60, lisansi ina 180, na krediti si saa za profesa tu. Ndani yake mnahesabiwa pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe, nje ya ukumbi. Ndiyo kusema Serikali yenyewe imekubali kwenye karatasi kwamba sehemu ya masomo inafanyika mahali pengine.

Mahali hapo ni wapi? Kwa mwanafunzi wa Ulaya, ni maktaba yenye joto na intaneti. Kwa mwanafunzi wa Bukavu, ni bidoni iliyogeuzwa na simu yenye asilimia 14 ya chaji. Saa zinahesabiwa, lakini taa haikutolewa.

Yanayoweza kufanyika hayahitaji yote pesa nyingi. Kumbi nyingi zinafungwa saa kumi za jioni na kubaki tupu mpaka asubuhi. Paneli chache za jua na mlinzi mmoja vinatosha kuacha ukumbi mmoja wazi mpaka saa mbili za usiku. Saa za Jumamosi asubuhi zinaweza kutengwa, ili wasichana na wanaokaa mbali wafike mchana. Asistanti anaweza kupita kwenye vikundi mara moja kwa wiki, si kufundisha upya, bali kusahihisha kosa kabla halijazunguka promosyo nzima. CP, wiki ya kwanza ya mwaka, anaweza kuwagawa wanafunzi wapya kwenye vikundi kwa orodha, ili aliyetoka Shabunda asingoje kualikwa.

Kuna pia kazi ya maneno. Kila promosyo inatafuta upya Kiswahili cha maneno yale yale magumu, kisha inamaliza masomo na kuondoka nayo. Tanzania jirani walianza kuyaandika zamani: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ijapo ile inatoka Kiingereza. Hakuna kinachozuia kikundi cha Bukavu kuwa na daftari lake, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiswahili pamoja na mfano wa sokoni ao wa shamba, na kuliacha kwa wadogo wanaofuata. Daftari la kurasa mia moja linanunuliwa kwa pesa ambazo watu sita wanaweza kuchanga.

Mpaka hapo, kazi inaendelea kama ilivyo. Saa mbili na nusu za usiku chaji ya simu inakaribia kuisha. Wanaokaa mbali wanasimama kwanza ili watembee pamoja. Yule aliyeuliza swali mwanzoni bado ameinama juu ya daftari, anamalizia sentensi yake ya tano kwa Kifaransa, na mwenzake anamshikia taa.